Nani Mwingine Anayo? Kanda, DVD, Flashi na Bando Katika Nyumba Zetu

Mabishano ya diski na mtandao hutufikia yakiwa yameshakatwa kwa vipimo vya watu wengine. Marekani na Ulaya upande mmoja wamo wakusanyaji wenye rafu za diski za filamu za Blu-ray na santuri mpya, upande wa pili wamo wanaolipia Netflix na Spotify kila mwezi na hawana hata deki ndani. Nyumba ya Tanga au Mombasa haiko hivyo. Sebuleni kuna kanda za VHS za harusi zisizo na pa kuchezwa, rundo la DVD zilizonunuliwa barabarani, flashi inayoishi kwenye redio ya gari, na bando linalokata saa sita usiku. Kati ya vyote hivyo, kipi kinastahili kuchukua nafasi kabatini, na kipi tuwaachie wenye seva, zile kompyuta za mbali zinazotunza vitu vya mtandaoni?

Nianze na mtandao, maana una hoja nzito kuliko wapenda santuri wanavyokubali. Pwani yetu haina urafiki na kanda. Unyevu huota ukungu mweupe pembeni mwa utepe, joto la gari lililoegeshwa juani hupinda santuri, na vumbi la kiangazi humaliza lenzi ya deki kabla diski zenyewe hazijachakaa. Muziki uliopo kwenye seva haupati ukungu. Tena umekuwa rahisi kufikika: programu ya muziki ya Boomplay ilianza mwaka 2015 ikija ndani ya simu za Tecno, na mwaka 2021 Spotify ikafungua milango Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika kwa mkupuo. Msanii naye, hata kama anacholipwa kwa kila usikilizaji ni kidogo mno, anapata kitu. Kwa yule kijana wa kibandani anayekujazia nyimbo mia tatu kwenye memori kadi, msanii hapati hata senti.

Kisha tuseme ukweli kuhusu diski zetu. Mkusanyaji wa London akisema DVD ina picha bora kuliko mtandao, anazungumzia DVD halisi iliyotoka kiwandani. Nyingi tulizonunua sisi ni zile za filamu kumi ndani ya diski moja. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Gawa kwa kumi, kila filamu inabaki na chini ya nusu GB, ndiyo maana uso wa mwigizaji ulikuwa unakatika vipandevipande kila akikimbia. Na hata ukipata diski halali, kulikuwa na kufuli la maeneo ya dunia, deki ya eneo moja isicheze diski ya eneo jingine: Tanzania na Kenya ziliwekwa eneo namba 5, Ulaya na nchi za Ghuba namba 2, Marekani namba 1. Shangazi alileta DVD halali kutoka Muscat, deki ya kifahari iliyofungwa namba 5 ikaikataa, na deki ya Kichina ya bei rahisi kutoka Kariakoo ikaicheza bila kuuliza. Wenye mali halali ndio walioadhibiwa na kufuli lile, mwizi halikumgusa.

Kwa hiyo anayesema zama za DVD zilikuwa zama za dhahabu kwetu, amesahau mengi. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilianzisha stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki ili angalau zile halali zijulikane. Feki zikaendelea kuuzwa mchana kweupe.

Hata hivyo bando nalo lina hesabu yake. Saa moja ya muziki kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde hula takriban MB 72. Huo ni mzigo unaobebeka. Filamu ndiyo balaa: saa moja ya HD kwenye Netflix inaweza kufika GB 3, maana yake filamu ya saa mbili ni GB 6, na ukiirudia kesho unalipa tena. Wenye watoto wadogo wanajua ninachosema. Mtoto haangalii katuni mara moja. Anaangalia katuni ileile kila siku mpaka wazazi wanaikariri. Faili likikaa kwenye flashi, gharama ya mtandao umelipa mara moja tu. Mtandao umejengwa kwa ajili ya mtu anayetafuta kipya kila siku na asiyehesabu MB, na watu wa namna hiyo si wengi mitaani kwetu.

Lakini bei bado si kiini cha jambo. Kiini ni kwamba ukibonyeza "nunua" kwenye duka la mtandaoni, mara nyingi hujanunua. Umepewa ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo inategemea mikataba ambayo wewe hukusaini. Desemba 2023 wateja wa duka la mtandaoni la PlayStation, mashine ya michezo ya Sony, waliarifiwa kwamba vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevilipia vingeondolewa kwenye maktaba zao mwisho wa mwezi. Kelele zikapigwa, mkataba mpya ukapatikana, uondoaji ukaahirishwa. Kabla ya hapo, huduma ya UltraViolet iliyoundwa na studio kubwa za Hollywood mahususi ili mnunuzi wa diski awe na nakala yake mtandaoni ilifungwa Julai 2019, na wateja wakaelekezwa wahamishe filamu zao kwa wauzaji wengine. California iliona haja ya kutunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji aseme waziwazi kwamba anachouza ni leseni. Jambo likifika hatua ya kuhitaji sheria ili muuzaji asiseme "nunua" kwa kitu kisichouzwa, ujue wapenda diski hawakuwa wanapiga kelele bure.

Na kuna upotevu usio na mkataba wala nia mbaya. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba muziki uliopakiwa humo kwa miaka mingi, tangu 2003 mpaka 2015, ulipotea katika uhamishaji wa seva. Wanamuziki wengi wadogo walikuwa wamepafanya pale kuwa ghala lao pekee. Hapo nadhani ndipo wengi tunapojidanganya. Tunaposema "ipo YouTube" tunasema kana kwamba YouTube ni nyaraka za taifa. Akaunti iliyopakia ikifutwa, au mwenye haki akilalamika, wimbo haupo tena, na aliyekuwa na CD yake alishaitupa.

Diski nazo zina kifo chake, na zinakufa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa. Kwenye CD upande wa hatari zaidi ni ule wenye maandishi: data imekaa chini tu ya rangi na utando mwembamba wa lakiri, kwa hiyo kalamu ya chuma au gundi ya lebo inaweza kuifikia moja kwa moja. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa, wa juu hauna dawa. DVD ina unafuu, maana data yake iko katikati ya matabaka mawili ya plastiki. Tena kuna tofauti kubwa kati ya diski ya kiwandani, ambayo data yake imegandamizwa kwenye plastiki, na ile "iliyochomwa" kwa kompyuta, ambayo data yake ni alama kwenye rangi ya kemikali. Rangi hiyo huharibiwa na mwanga na joto. CD ya kuchoma iliyoachwa dirishani Dodoma haina maisha marefu, na karibu kila CD ya picha za familia au ya kwaya ya mtaani tuliyonayo ni ya kuchoma.

Flashi ni mbaya zaidi kwa kutunza kuliko watu wanavyodhani. Data ndani yake ni chaji ndogo za umeme zilizonaswa, na chaji huvuja taratibu, hasa mahali penye joto. Flashi ni ya kubebea. Na sizungumzii hapa zile feki za kuuzwa mkononi, zinazoandikwa GB 512 na ndani zina nane: unajaza faili, zinaonekana zote kwa majina, ukizifungua hazichezi.

Sauti nitaipita haraka. Mabishano ya santuri dhidi ya faili ni matamu barazani, lakini kwa spika zilizoko kwenye nyumba nyingi, MP3 nzuri na CD havitofautishwi na sikio la kawaida. Marekani santuri ziliipiku CD kwa idadi ya nakala zilizouzwa mwaka 2022, na sidhani kama ni masikio peke yake yaliyosababisha. Watu wanataka kitu cha kushika. Ni sababu halali, ila ni sababu ya mapenzi, siyo ya ubora.

Ukishapima yote hayo, swali la "diski au mtandao" linaanza kuonekana halina jibu moja, na mimi kipimo changu ni kingine: kitu hiki nani mwingine anacho? Filamu maarufu ya Hollywood ina watunzaji wanaolipwa, nakala katika maghala kadhaa, na kampuni yenye masilahi ya kuiuza tena kila baada ya miaka michache. Ukiipoteza wewe, dunia haijaipoteza. Itazame mtandaoni, usiiwekee kabati.

Sasa chukua filamu za Bongo za miaka ile ya Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012. Nyingi zilitoka moja kwa moja kwenye diski bila kupita kwenye sinema. Watayarishaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, kwa hiyo nakala mama ilikaa kwa mfanyabiashara ambaye biashara yake ilipobadilika hakuwa na sababu ya kulipia utunzaji. Baadhi zimepandishwa YouTube zikiwa zimekatwa vipande, picha imefifia, utangulizi umeondolewa. DVD ya kiwandani ya filamu kama hizo, yenye kasha lake, inaweza kuwa nakala bora kuliko yoyote iliyoko hewani. Hiyo ndiyo diski ya kuweka kabatini.

Au chukua filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Msimulizi Lufufu alichukua filamu za Kihindi na za Hong Kong akaweka sauti yake juu, akafafanua, akatania, akawapa wahusika tabia za watu wa Manzese. Kisheria ilikuwa kazi isiyo na ruhusa ya wenye filamu, na ndiyo maana hakuna huduma halali ya kustrimu itakayoigusa. Sheria iko sawa, sibishi. Lakini matokeo yake ni kwamba tawi zima la usimulizi wa Kiswahili limebaki mikononi mwa watu binafsi, kwenye diski zilizochomwa na kanda zilizonakiliwa. Anayesema "kila kitu kitakuwa mtandaoni" hajafikiria vitu ambavyo mtandao halali hauruhusiwi kuvibeba.

Muziki una historia ndefu zaidi ya jambo hili. Siti binti Saad alisafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti yake ilirudi Zanzibar kwenye santuri za shelaki, nzito na rahisi kuvunjika. Mikwaruzo tunayoisikia leo kwenye rekodi zake za mtandaoni ni ya sindano juu ya santuri iliyochezwa sana kabla ya kunakiliwa. Baadaye bendi za dansi zikarekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na waliotaka santuri wakaenda Nairobi kwenye viwanda. Nyimbo nyingi za redioni hazikuwahi kugeuzwa santuri kabisa. Zipo kwa sababu utepe ulibaki stoo, au kwa sababu mtu aliweka kaseti kwenye redio yake na kubonyeza kitufe cha kurekodi wakati wimbo unapigwa. Faili la wimbo kama huo likipatikana, linakiliwe, ligawiwe, liwekwe mtandaoni kadiri haki zinavyoruhusu; ila aliye na utepe asiutupe kwa sababu sasa "tunayo kwenye simu". Nakala ya simu mara nyingi imebanwa, na mashine bora ya kesho inaweza kutoa kwenye utepe uleule sauti ambayo kijana wa kibandani hakuitoa.

Upande wa diski unashinda hapa, lakini kwa sharti ambalo washabiki wake hawalipendi: kuweka peke yake si kutunza. Diski moja kabatini ni ajali inayosubiri maji ya paa. Kitu ambacho mwingine hana kinahitaji kile chenyewe cha asili, faili lisilo na kufuli kwenye diski ya nje ya kompyuta (hard disk), na nakala ya pili katika nyumba nyingine, kwa mfano kwa dada aliyeko Mwanza au kaka aliyeko Minnesota. Akaunti ya Google ya bure inatoa GB 15, zinazotosha kwa picha za mwaka mmoja au miwili za familia yenye simu nzuri, hazitoshi kwa harusi mbili zilizopigwa video.

Na harusi ndiyo makusanyo ya nyumbani yaliyo hatarini kuliko yote, kwa sababu hapo jibu la "nani mwingine anayo" karibu kila mara ni hakuna. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Kanda ya harusi ya 1994 inaweza kuwa nzima na bado isiwe na pa kuchezwa. Ukiipeleka kwa fundi aihamishe, mwambie akupe faili lenyewe, si DVD peke yake, na umtake airudishe kanda. Ukiona ukungu pembeni ya utepe, usiitie kwenye deki yoyote kabla haijasafishwa, maana huchafua kichwa cha deki na kuambukiza kanda zinazofuata. Deki ya VHS ikionekana mnadani, usiipite kwa sababu tu haizungushi: mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, na kichwa kilichochafuka husafishwa kwa spiriti.