Dawa ya fangasi inayonata shavuni: imfae nani?

Mate hayachagui: yanaosha makombo, yanaosha na dawa. Mtu mzima hutoa nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mtazame mgonjwa wa fangasi wa mdomoni aliyepewa nistatini ya maji, mara nne kwa siku. Anaizungusha mdomoni huku amekunja uso, anameza, na muda si mrefu kashika kikombe cha chai. Dawa iko tumboni, ambako haifyonzwi. Fangasi wako palepale shavuni.

Ndiyo maana ya utando wa kunata. Polima (kitu chenye molekuli ndefu kama mnyororo) kama kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, huchanganywa na dawa, humiminwa sahanini, hukaushwa na kukatwa vipande vya kubandika shavuni. Kikilowa mate huvimba, hung'ang'ania ute na kuachia dawa taratibu kwa saa kadhaa.

Njia hii ina ushahidi. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha kidonge cha mikonazole, dawa nyingine ya fangasi, cha miligramu 50, kinachobandikwa ufizi wa juu mara moja kwa siku. Kwa watu wenye VVU hakikuzidiwa na klotrimazole ya kumumunya mara tano kwa siku, kwa siku 14. Mara tano! Nani anazikumbuka zote?

Ila kile ni kidonge. Utando ni mwembamba, haubebi dawa nyingi. Gliserini inayoulainisha ikipungua, unakatika. Ikizidi, kwa unyevu wa Tanga au Mombasa, vipande vinagandana ndani ya pakiti. Isitoshe, mara nyingi uwezo wake wa kunata hupimwa maabara kwenye shavu la nguruwe au mbuzi aliyechinjwa, na shavu hilo halili ugali wala halipigi soga.

Halafu kuna flukonazole, dawa ya fangasi ya kumeza: unameza mara moja kwa siku, bei nafuu. Kwa wagonjwa wengi sioni utando ukiishinda. Naona nafasi yake kwa wasiofaa kupewa flukonazole, mfano mjamzito wa miezi ya mwanzo, au anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Huyu wa pili hata mikonazole ya kubandika inahitaji uangalizi, maana huweza kuizidishia wafarini nguvu. Kwa hiyo ningependa watafiti waishughulikie zaidi nistatini, dawa ambayo haikosi nguvu, inakosa muda tu. Ugumu ni kipimo: sukutuo moja la mtu mzima ni uniti (kizio cha nguvu ya dawa) 400,000 hadi 600,000, mzigo usioenea kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha. Kabla ya kubuni polima nyingine, ipimwe kwanza ni kiasi gani kidogo kinatosha dawa ikikaa shavuni usiku kucha.