Jengo Limepanda, Baraza Liko Wapi?

Siku hizi nikishuka kwenye daladala mjini Mwanza, macho yanatangulia juu kabla miguu haijakanyaga lami. Jengo jipya la ofisi za serikali limeshavuka mapaa yote ya jirani. Upande mmoja wameanza kupachika vioo, vya buluu ya kukolea, na jioni jua linapoegemea ziwani mwanga unapiga pale juu na kurudi usoni mwetu tulio chini. Halijafunguliwa, halina kibao mlangoni, lakini makondakta wameshalipa jina. "Kwenye vioo wapo?" Abiria wanajibu: "Shusha!"

Mjini hapa ni kama hakuna habari nyingine. Kwenye saluni, kwenye foleni ya benki, kwa mama lishe, kila mtu ana lake la kusema kuhusu jengo. Kijana mmoja wa bodaboda ninayepanda naye mara kwa mara aliniambia, huku akilitazama kama mtu anayetazama mchumba, "Dada, sasa hata sisi tunaonekana." Ninamwelewa. Mwanza imekuwa jiji tangu mwaka 2000, lakini kwa miaka mingi ujiji wenyewe ulikuwa zaidi kwenye barua za serikali kuliko barabarani. Hii miaka ya karibuni ndiyo tumeanza kuona mambo ya ukubwa wetu: daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita kama tatu; meli ya MV Mwanza yenye nafasi ya abiria 1,200; reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka. Mtu aliyekulia hapa akisikia fahari akiliona ghorofa lile, sina neno naye.

Wapo pia wanaonuna. Wanapiga hesabu za madawati, za vitanda vya wodi, za visima, kila wakiona winchi inazunguka. Nao siwabishii. Kodi ni yao, na anayelipa ana haki ya kuuliza.

Ila naona kambi zote mbili zinatazama juu. Aliyeniteremsha macho ni mzee anayeuza kahawa chini ya mwarobaini, pembeni kabisa ya uzio wa mabati wa ule mradi. Ana birika lake la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe kwenye ndoo, na sahani ya kashata iliyofunikwa kitambaa. Wiki tatu zilizopita nilisimama kunywa kikombe kimoja, akanielekeza kwa kidole kwenye bango kubwa lililofungwa kwenye mabati.

"Nisomee hapo mwanangu. Wameandika nini?"

Bango lote ni Kiingereza. Mteja ni nani, mshauri ni nani, mkandarasi ni nani, mhandisi wa umeme ni nani. Nikamtafsiria mstari mmoja mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akamimina kahawa ya mteja mwingine, kisha akaniuliza, "Na mlango wetu uko upande gani?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku hiyo swali lile halijanitoka. Nimewasikia watu wengi wakiuliza ghorofa ni ngapi, lifti ni ngapi, bei ni bilioni ngapi. Mlango sijasikia mwingine akiuuliza.

Hebu tulitafakari neno letu wenyewe. Baraza, kabla halijawa la Mawaziri au la Madiwani, ni pale mbele ya nyumba: kibaraza cha mawe au saruji chini ya paa, mahali pa mwenye nyumba kukutana na mpita njia bila kumwingiza ndani na bila kumwacha juani. Hapo ndipo watu walikaa, wakasemezana, wakapatanishwa, wakatoa maamuzi. Kikao kikachukua jina la mahali. Yaani katika Kiswahili, chombo kikubwa cha serikali kinaitwa kwa jina la sehemu ya nyumba iliyo wazi kwa kila mtu. Sijui ni lugha ngapi zimewapa watawala wao heshima ya namna hiyo, na agizo la namna hiyo.

Na mabaraza yenyewe bado tunayo. Pita mitaa ya zamani ya katikati ya mji, pale kwenye maduka ya ghorofa moja au mbili yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Ghorofa ya juu imetokeza mbele ikabebwa na nguzo, na chini yake kuna njia yenye kivuli. Mafundi cherehani wanakaa hapo na mashine zao. Mvua ya ghafla ya Mwanza ikishuka, ile isiyopiga hodi, mji mzima unakimbilia chini ya zile nguzo: mwanafunzi, mama mwenye mzigo wa sato, karani mwenye faili kichwani. Hakuna anayeulizwa anafanya nini hapo. Kweli, kuna miaka bidhaa zilijaa mpaka mtu hana pa kuweka mguu, na wamachinga walipohamishwa mwaka 2021 ndipo wengi wetu tukakumbuka kwamba zile njia zilikuwa za kupita. Hilo ni suala la mpangilio. Kivuli chenyewe hakijawahi kuwa na kosa.

Sasa nitasema linaloniuma, mnijue natokea wapi.

Baba alipofariki, mimi na mama tulihangaika na karatasi za mirathi kwa miezi. Kuna ofisi moja tulikwenda mara tano. Ina ukuta mrefu, geti la chuma, na kijumba cha mlinzi. Ndani ya geti kuna uwanja mpana wa magari, kisha ndiyo jengo, lenye vioo vya kiza usivyoweza kuona ndani. Siku ya kwanza tulifika saa mbili kasoro. Mlinzi, kijana mstaarabu tu, akamwambia mama, "Shikamoo mama. Subirini hapo nje, mtaitwa." Nje ni nje. Hakuna benchi, hakuna paa, hakuna choo. Kuna mfereji wa maji machafu na ukuta unaorudisha joto mgongoni. Tulikuwa kama watu thelathini. Mama ana miguu inayovimba. Ilipofika saa tano akavua kanga ya juu, akaitandika kwenye ukingo wa mfereji, akakaa. Mwanamke niliyekua nikimwona akikataa hata kula amesimama, kwa kuona si adabu, amekaa kwenye mfereji mbele ya ofisi ya nchi yake, kwa sababu mumewe amekufa na anataka karatasi. Bibi mmoja wa Kisukuma aliyekuwa jirani yetu akamsogelea, akamwambia, "Pole mayo," yaani pole mama, naye akakaa. Kisha wengine. Mstari mzima wa akina mama mferejini.

Tulipoingia, wahudumu walikuwa wema. Nalisema hilo kwa haki. Kilichotudhalilisha ni ramani ya jengo. Mtu fulani mwenye kalamu na karatasi alikaa akafikiria magari yatasimama wapi, akayapa kivuli cha bati, mstari kwa mstari. Wananchi hakuwafikiria.

Ndiyo maana watu wakiniambia jengo jipya ni la kisasa, nauliza kisasa kwa nani. Magofu ya nyumba ya Gunzert, mtawala wa enzi ya Wajerumani, bado yamekaa kwenye mwamba juu ya mji. Wale waliofungua kituo chao hapa mwaka 1892 walijua wanachofanya: mtawala akae juu ya jiwe, raia atazame kwa chini, na akitaka shida yake isikilizwe apande. Yule alikuwa mkoloni, na nyumba yake ilisema ukweli kuhusu yeye. Serikali ninayoipigia kura sitaki ijenge kwa akili ile ile, hata kama badala ya jiwe imeweka vioo.

Na vioo navyo tuviongelee kidogo. Mwanza tuko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta. Jua letu linapita karibu na utosi, halafu nusu yote ya pili ya mchana linateremka upande wa magharibi. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi, bila kibaraza wala ubao wa kukinga juu ya dirisha, ni jiko. Ndani watafunga madirisha, watawasha viyoyozi, bili itapanda, na umeme ukikatika kila mtu atatoka kupumua kwenye ngazi. Wakati huo huo mchana upepo unatoka ziwani bure. Nchi kavu inapopata joto kuliko maji, hewa ya ziwani inavuta kuja kwetu kila siku ya Mungu. Wavuvi wanapanga safari zao kwa kujua hivyo. Wale waliojenga zile nyumba za zamani zenye dari ndefu na matundu juu ya milango waliutumia upepo huo. Sioni ujinga wowote katika kuutumia tena.

Nikisema hivi huambiwa nataka turudi nyuma. Hapana. Nawakumbusha Soko la Kariakoo kule Dar es Salaam. Lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Ni zege tupu, na kwa wakati wake hakukuwa na jengo la kisasa kulishinda. Lakini tazama alichofanya: alichukua soko la Kiafrika lilivyo, watu chini ya miti, akaiinua ile miti kwa zege, miavuli mikubwa juu ya vichwa vya watu, hewa inapita chini. Lilipoungua Julai 2021 watu wasiowahi hata kufika Dar walisikitika. Hapa kwetu tunayo Hospitali ya Bugando, imekaa kilimani tangu 1971, ndefu na ya zege, inaonekana kila pembe ya mji, na sijawahi kumsikia mtu wa Mwanza akilalamika kwamba inaharibu mandhari. Nusu yetu tumezaliwa mle. Watu hawana ugomvi na ukubwa wa jengo.

Basi juzi nikajikaza. Kwenye geti la mradi nilimkuta mhandisi kijana, kofia ya njano, akinywa soda. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mkazi tu, ninaomba kuuliza mlango wa wananchi uko upande gani. Hakunifukuza. Alikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akanionyesha kwa kalamu. Mlango mkubwa unatazama ndani, kwenye uwanja. Mbele ya barabara ni ukuta. Mwananchi ataingilia geti la pembeni, apite kwa mlinzi, azunguke. Nikamuuliza kuhusu ule mwarobaini wa mzee wa kahawa. Akaweka ncha ya kalamu juu ya vimstatili vidogo vilivyopangwa kama meno.

"Hapa ni maegesho."

Nilimshukuru kwa kunionyesha. Aliniambia pia jambo jingine ambalo ndilo limenifanya niandike leo: kazi za nje, yaani ukuta, uwanja na geti, bado hazijaanza. Zinafanywa mwishoni. Kwa hiyo sipigi kelele juu ya maji yaliyomwagika. Bado kuna nafasi.

Ninachoomba hakihitaji kubomoa hata tofali. Ukuta wa mbele usijengwe, au uwe mfupi mtu aweze kuukalia. Mlango wa wananchi ufunguke barabarani, na mbele yake liwekwe paa la kutosha watu hamsini, na benchi za mawe. Mawe Mwanza hatununui nje. Kina mama wanayaponda kokoto kwa nyundo kwenye vilima vyetu, na mafundi wetu wanajua kuyachonga na kuyapanga. Choo cha umma kiwe cha kufikika kabla ya kukaguliwa na mlinzi. Njia ya viti mwendo iwepo kwenye mlango ule ule wa watu wote, isiwe ya uani, maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikusema walemavu waingilie jikoni. Bango liandikwe Kiswahili. Na mwarobaini ubaki, magari matatu yatafute pengine.

Usalama nimeshaambiwa. Naelewa kuna ofisi zinazohitaji ulinzi. Mlinzi anaweza kukaa kwenye mlango wa ndani, nyuma ya baraza, kama alivyo mwenye nyumba yeyote anayejua nani amkaribishe sebuleni na nani waongee naye nje. Nje yenyewe ndiyo ninayoidai.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi, ingawa wengi hatuendi. Mimi kijacho nakwenda, na diwani wa kata yangu nimeshampigia simu kumwomba aulize habari ya ule ukuta. Mama amesema atakuja nami. Jana nilipita tena kwa mzee wa kahawa nikamweleza nilichokiona kwenye ramani, mlango na maegesho na mti wake. Alinyamaza kidogo, akachochea mkaa. Kisha akasema naye atakuja, ila nitangulie nikaangalie kama kuna mahali pa kukaa, maana kusimama muda mrefu hawezi.