Ndagu Yangu Ilikuwa na Manyoya

Mama Balozi wa nyumba kumi alinigongea saa nne usiku. Hakugonga kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, aligonga kama mtu aliyekuja na mashahidi. Na kweli alikuja nao: wanaume wawili wa sungusungu na virungu vyao, mama wa vitumbua wa nyumba ya pili kajifunga kitenge mpaka puani, na mjukuu wa Balozi, kijana wa kidato cha tatu, ndiye kashika tochi.

Mimi nimevaa koti jeupe la maabara. Raba zangu zinachuruzika maji. Mkononi nina ndoo. Nyuma yangu mlango wa chumba cha watoto uko wazi, mwanga mwekundu umetapakaa korido nzima, na humo ndani kuna vilio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Una nini humo?"

Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana kwa hali ile hata ndugu yangu wa damu asingenitetea.

Mimi nafundisha fizikia, sekondari, hapa Mbeya. Hilo lishikeni, litanirudia. Juni shule zilipofungwa, mke wangu akabeba watoto wakaenda Tukuyu kwa mama yake, wiki tatu. Aliniachia unga, maharage, na onyo moja: "Baba, usianzishe kitu." Ananijua. Mwaka juzi nilianzisha uyoga.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshalipia vifaranga mia moja, chotara, wa siku moja, watoke Dar kwa basi. Hesabu nilikuwa nazo kwenye daftari: kuku mia, kila mmoja elfu ishirini, milioni mbili. Toa chakula, toa chanjo, baki kishika uchumba cha pikipiki. Kuku wa kwenye daftari ni watu wazuri sana. Hawaugui, hawali usiku, na wote hufikisha kilo mbili siku moja.

Banda la uani lilikuwa bado nguzo nne na nia njema, kwa hiyo nikahamishia mradi chumba cha watoto. Nikasogeza kitanda, nikamwaga maranda, juu yake nikatandaza magazeti. Fundi seremala aliyenikatia hadibodi alinishauri vizuri tu: "Mwalimu, zizungushe ziwe duara. Kifaranga akipata kona anajibanza humo, wenzake wanampanda juu mpaka anakata pumzi." Nikamwona fundi anataka kuniuzia hadibodi nyingi. Kuta mbili nimeshapewa na mwenye nyumba, za nini hadibodi nne? Nikasimamisha mbili tu kwenye kona ya chumba, nikapata mraba wa nyuzi tisini kila pembe. Kona nne safi, nikazipiga na picha.

Sasa taa.

Video zote za bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, nilizotazama zilikuwa na taa nyekundu. Zote. Nikahitimisha, kama msomi, kwamba siri iko kwenye wekundu. Nikaenda Mwanjelwa, muuzaji akaniteremshia globu ya joto, wati 250. Nikapiga hesabu palepale kaunta: 250 mara saa 24, uniti 6 kwa siku, 42 kwa wiki. Nyumba yetu iko kwenye lile kundi la bei nafuu, la wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, na mke wangu analilinda kundi hilo kuliko anavyolinda ndoa. Macho yakahama yenyewe. Rafu ya chini kulikuwa na globu za LED, nyekundu vilevile, wati 12.

"Hizo ni za mapambo, mwalimu," muuzaji akasema. "Za sherehe."

"Sherehe ninayo," nikamjibu, nikachukua nne. Nne zote kwa pamoja hazifikishi hata uniti moja na robo kwa siku. Nilitoka Mwanjelwa kifua mbele, nikiwahurumia wafugaji wasiosoma.

Vifaranga walifika stendi ya Nane Nane asubuhi, ndani ya boksi lenye matundu, vyumba vinne, ishirini na tano kila chumba, na wawili wa nyongeza. Kifaranga hutoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni, inayoweza kumshikilia hata siku tatu, kwa hiyo safari haikuwasumbua. Walikuwa wachangamfu kuliko kondakta. Nyumbani nikawachukua mmoja mmoja, nikawachovya ncha ya mdomo kwenye maji ya glukosi ili wajue maji yako wapi. Mara 102. Unamshika, moyo wake unagonga kwenye kiganja kama saa ya mkononi, unamchovya, anainua kichwa, anameza, anakuangalia kama anayesema mbona hukuanza na mimi. Nilipomaliza nilikuwa nimeshawapenda wote, na mmoja nilishampa jina la mkuu wangu wa shule.

Mchana ulikwenda vizuri. Jua la dirishani lilikuwa linafanya kazi, mimi nikadhani ni taa.

Jua likazama. Asiyeijua Mbeya ya Juni nimwambie tu kwamba usiku huku maji ya bomba yanauma vidole. Saa moja na nusu vifaranga wakaanza kulia. Siyo ile chii-chii ya kawaida ya kusengenyana. Ni kilio kirefu, chembamba, kinapanda juu halafu hakishuki. Wote wakahamia kona moja, ya ukutani, wakapandana ghorofa tatu.

Nikadhani njaa, nikaongeza chakula. Nikadhani upweke, nikawawashia redio. Nikadhani wanaogopa giza, nikashusha taa zote nne karibu yao, chumba kikawa chekundu kama bucha. Nilikuwa na kipimajoto, nimekiazima maabara ya shule. Wiki ya kwanza kinatakiwa kisome kati ya 32 na 35 pale walipo vifaranga. Kilisoma 17. Nikakitikisa, vile nesi anavyotikisa cha homa. Baada ya muda kikasoma 16. Nikasema vifaa vya shule vyote vibovu.

Halafu kuna suala la beseni. Nilisikia kwamba magonjwa huingia bandani na miguu ya mfugaji, nikaweka mlangoni pa chumba beseni la maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Huingii bila kukanyaga. Na koti la maabara nililivaa kwa ajili ya usafi hivyohivyo. Sasa unganisha mwenyewe: kila nusu saa natoka uani kuchota maji, narudi, mlango wa nyuma nimeuacha wazi, nasimama mbele ya beseni, nakanyaga mguu wa kulia, nakanyaga wa kushoto, naingia na koti jeupe kwenye chumba chekundu, vilio vinazidi. Mke hayupo. Watoto hawaonekani siku ya tatu. Na ng'ambo ya michongoma mama wa vitumbua anakoroga unga wake wa asubuhi, hana haraka, anaona kila kitu.

Huku kwetu mtu akijifungia ndani usiku na mambo yasiyoeleweka, mtaa hauhitaji mkutano. Jina lipo: ndagu. Utajiri wa masharti. Na masharti, kila mtu anajua, huwa hayakosi vilio.

Basi turudi mlangoni.

"Ni vifaranga, mama," nikasema. "Nimeanza ufugaji. Karibuni muone."

Mama Balozi akapiga hatua moja. Na mimi, Mungu anisamehe, mradi ulikuwa umeniingia kichwani.

"Samahani mama. Kabla ya kuingia, kanyaga kwanza humu."

Kimya. Tochi ikashuka kwenye beseni.

"Nikanyage nini?"

"Dawa."

Sungusungu mmoja hakurudi nyuma; aliondoka. Nilisikia geti. Wa pili alibaki, ila kirungu alikishika kwa mikono miwili. Mama wa vitumbua akaanza kusali kwa sauti ya chini. Mama Balozi akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akainua kitenge chake mpaka kwenye vigimbi, akakanyaga. Kulia, kushoto. Kazi ya ubalozi ina mengi.

Akaingia. Akaona magazeti, vyombo vya maji, na ule mlima wa manyoya ya njano kwenye kona. Hakucheka. Akachuchumaa, akapitisha kiganja chini ya taa. Akakirudisha. Kisha akanyoosha mkono akaishika globu yenyewe, akaikumbatia na vidole kama mtu anayechagua chungwa sokoni.

"Mwalimu, hii imezimwa?"

"Inawaka, mama. Si unaona?"

"Naona. Mbona haichomi?"

Mjukuu akakohoa. Nilikijua kile kikohozi, ni cha mwanafunzi mwenye jibu.

"Mwalimu, si ulitufundisha? Globu ya zamani, ile yenye uzi, umeme wake mwingi unaishia kwenye joto, mwanga ni kidogo tu. LED inabana matumizi kwa sababu haipotezi hivyo." Akatulia, kisha akamalizia kwa heshima zote: "Swali lile nilikosa kwenye jaribio. Uliniandikia kwa kalamu nyekundu, 'Fikiri kabla ya kujibu.'"

Sina la kusema kuhusu hapo. Kuna watu huota wako sokoni bila nguo. Mimi nilikuwa nimevaa koti.

Mama Balozi hakunipa nafasi ya kujitetea. "Nani ana mkaa?" Mama wa vitumbua, ambaye dakika mbili nyuma alikuwa ananiombea nishindwe na nilegee, akakimbia kwake. Jiko likawashwa nje mpaka moshi ukaisha kabisa, likaingizwa ndani, likazungushiwa matofali ili vifaranga wasilifikie, juu yake wakaweka chungu kilichopasuka kihifadhi joto. Balozi akaniamuru nifungue dirisha la juu. Nikasema joto litatoka. "Mkaa unaua na moshi wake ukiwa umeisha," akasema. "Fungua. Na huku ndani mtu halali, utakuwa unakuja kuchungulia na kutoka." Nikafungua. Kwa usiku ule nilikuwa nimeshajiuzulu fizikia.

Mjukuu na sungusungu aliyebaki wakachomoa hadibodi zangu wakazipinda, wakafunga ncha kwa waya, ikawa duara palepale. Kumbe mbili zilitosha. Vifaranga tukawatoa konani mmoja mmoja. Wa juu walikuwa wazima na hasira. Wa katikati wamelegea. Wa chini kabisa, hao tuliwachelewa, tisa. Mama wa vitumbua alikusanya waliolegea akawatia ndani ya kitenge, kifuani, akakaa sakafuni akiyumba taratibu kama aliyebeba mtoto, akinitupia jicho ambalo sitalisahau.

Baada ya kama nusu saa kilio kikakatika. Wakatawanyika duara zima, wengine wamelala kifudifudi, mmoja kanyoosha mguu nyuma kama mzee aliyetoka kula ubwabwa wa shughuli. Hata yule niliyempa jina la mkuu wa shule alikuwemo, anadonoa gazeti.

"Wakijikusanya, wana baridi," Mama Balozi akasema. "Wakikimbilia pembeni mbali na jiko, joto limewazidi. Wakiwa hivi, nenda kanywe chai."

Nikawasindikiza mpaka getini. Mimi ni mtu wa Singida, lakini Kinyakyusa cha shukrani nimefunzwa na mke wangu, nikaona ndio wakati wake. Nikasema kwa sauti, kutoka moyoni: "Ndaga fijo, mama! Ndaga fijo!"

Gizani, upande wa barabara, yule sungusungu aliyekimbia alikuwa amerudi na wenzake sita. Nikamsikia anawaambia: "Mmemsikia? Kaitaja mwenyewe."

Kesho yake nikarudi Mwanjelwa. Muuzaji aliponiona hakuuliza nataka nini. Alinyoosha mkono rafu ya juu, akateremsha ile ya wati 250, akaipulizia vumbi, akaiweka kaunta.

"Sherehe imeisha?"

Nikalipa. Jioni simu ya Tukuyu ikaita, na mke wangu hakuanza na salamu. "Nasikia umeanzisha kitu." Kitu chenyewe kilikula uniti 6 kwa siku, sawasawa na hesabu yangu ya kaunta. Ndiyo hesabu pekee kwenye daftari lile iliyotimia.

Julai shule zikafunguliwa. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa kidato cha tatu. Nikakuta darasa limetulia isivyo kawaida, wote wamekaa, wote wanatazama mbele, na mlangoni, katikati kabisa, beseni la maji.

Nikashika chaki zangu vizuri, nikakanyaga. Kulia, kushoto.