Kwa Nini Kanada Ilichelewa Kuwa na Filamu za Hadithi

Kanada ilianza kupiga filamu mapema, lakini ilifika mwaka 1939 bila desturi imara ya kutengeneza filamu za hadithi. Wanaoichambua historia hiyo wanavutana kuhusu chanzo chake. Wapo wanaoilaumu serikali na kampuni ya reli ya Canadian Pacific kwa kuifanya kamera iwe chombo cha matangazo, na wapo wanaosema kwamba soko lilikwisha kutekwa na Hollywood kabla Wakanada hawajapata nafasi ya kujaribu vya kutosha. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa hoja za wa kwanza si za kupuuzwa.

James Freer, mkulima wa Manitoba, alianza kupiga picha za mavuno na treni mwaka 1897. Mwaka uliofuata kampuni ya reli ikamfadhili azunguke nazo Uingereza kuwavutia wahamiaji, kwa kuwa ilikuwa na ardhi ya kuuza na mabehewa ya kujaza. Miaka michache baadaye kampuni hiyo ilimkodi Charles Urban, mfanyabiashara wa filamu wa London, kwa kazi ya namna hiyo, na wapiga picha wake wakaagizwa wasionyeshe baridi na theluji, ili wageni wasije wakaogopa. Serikali nayo ikafuata mkondo huo: mwaka 1918 ilianzisha ofisi yake ya filamu, miongoni mwa za kwanza duniani, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuitangaza biashara ya nchi na kuwaita watalii. Kwa zaidi ya miaka 20 fedha za uhakika zilikwenda kwa filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya macho ya watu wa nje.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi, kwa sababu walikuwapo Wakanada waliotaka kusimulia hadithi na waliofanya hivyo kwa fedha zao. Kampuni moja ya Halifax ilitoa filamu ndefu, Evangeline, mwaka 1913. Mwaka 1919 Nell Shipman, mzaliwa wa Victoria, aliigiza katika Back to God's Country, ambayo sehemu yake ilipigwa kando ya ziwa Lesser Slave, Alberta, katika baridi kali kiasi kwamba mwigizaji mkuu wa kiume aliugua nimonia akafariki. Wawekezaji wa Calgary walipata faida nono. Mumewe, Ernest Shipman, akaenda mji kwa mji, Winnipeg, Ottawa hadi Saint John, akikusanya mtaji wa wenyeji kwa filamu nyingine. Mtaji ulipatikana. Kilichozidi kuwa kigumu ni kuzifikisha filamu hizo kwenye kumbi, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 juhudi zake zilikuwa zimekwisha.

Habari za ndugu Jule na Jay Allen zinaeleza sababu yake. Walianzia Brantford, Ontario, mwaka 1906, wakajenga mtandao mkubwa kuliko wote wa majumba ya sinema nchini, wakitegemea filamu za Paramount, studio ya Hollywood. Adolph Zukor, mkuu wa Paramount, alipotaka ubia nao wakakataa, naye akauhamishia mkataba wa filamu hizo kwa mshindani wao, N. L. Nathanson, na mwaka 1920 ikaundwa Famous Players Canadian, kampuni ya majumba ya sinema yenye ubia na Paramount. Ndugu hao walifilisika, na mwaka 1923 majumba yao yakanunuliwa na kampuni hiyo. Tangu hapo aliyekuwa na filamu za kuuza ndiye pia aliyekuwa na viti vya watazamaji. Mkanada mwenye filamu yake alilazimika kumwomba mshindani wake amfungulie mlango.

Serikali ililiona jambo hili. Uchunguzi wa Peter White, mwanasheria aliyeteuliwa na serikali, uliotolewa mwaka 1931, ulihitimisha kwamba Famous Players iliunda umoja wa kibiashara unaoumiza maslahi ya umma, lakini mwaka 1932 mahakama ya Ontario ikaiachia huru kampuni hiyo na washtakiwa wenzake. Uingereza ilikuwa imekwisha kulazimisha kwa sheria ya mwaka 1927 kwamba kumbi zake zionyeshe kiwango fulani cha filamu za himaya yake. Kanada haikuweka sharti la namna hiyo nyumbani, na hapo ndipo lawama ya serikali inapokuwa ya haki.

Bodi ya Taifa ya Filamu, iliyoundwa mwaka 1939 chini ya Mskoti John Grierson, hutajwa kama jibu la yote hayo. Ilifanya kazi ya kupigiwa mfano: filamu yake Churchill's Island ilipata tuzo ya Oscar, na waonyeshaji wake walipeleka projekta hadi vijijini. Lakini mfululizo wake wa filamu za wakati wa vita ulikaribishwa katika majumba yale yale ya Famous Players, kwa kuwa filamu fupi za hali halisi hazikumnyang'anya Hollywood mtazamaji hata mmoja. Grierson mwenyewe hakuona haja ya kushindana na Wamarekani katika filamu za hadithi.

Mwaka 1948 serikali, ikiwa na upungufu wa dola za Marekani, ilifikiria kuzuia sehemu ya mapato ya Hollywood yasitoke nchini. Ikaacha mpango huo baada ya studio kuahidi kuitaja Kanada zaidi katika filamu zao. Chombo cha kugharimia filamu ndefu kilikuja mwaka 1967 kikiwa na dola milioni 10, na hicho pia kilipewa fedha za kutengenezea filamu bila mamlaka yoyote juu ya majumba ya kuzionyeshea.