Jirani, Pitia Mlango wa Uani

Rafiki yangu wa Kisumu alipofika Mwanza mara ya kwanza alikuwa na pasipoti, kadi ya homa ya manjano, fedha za kutosha na uhakika kwamba lugha haitamsumbua. Kiswahili si tunacho sote? Asubuhi yake ya kwanza nikampeleka kwa mama ntilie mmoja Kirumba, ninapokunywa chai siku zote. Akaketi, akasema, "Mama, nipe chai na chapati mbili." Mama akaendelea kufuta meza. Akarudia, sauti juu kidogo, akidhani mama ni mzito wa kusikia. Mama akasimama, akamtazama kwa huruma.

"Baba, hata jua limeshatusalimia. Wewe umeamkaje?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Watu wakitaka kuja Tanzania huambiwa mambo matatu: Kilimanjaro, Serengeti, Zanzibar. Sina ugomvi nayo. Mlima wa mita 5,895 haufichiki, na Zanzibar haihitaji mpiga debe kutoka Mwanza. Lakini nimeona wageni wakimaliza wiki mbili nchini wakiwa wamezungumza na dereva, mpishi na twiga basi. Huo ni mlango wa sebuleni. Wewe jirani unayejua Kiswahili una haki ya kupitia mlango wa uani, kunakopikwa na kusutwa, na mlango huo unaitwa Sirari.

Ukishagongewa muhuri hapo mpakani, panda basi la Mwanza na ukae dirishani. Utapita Tarime, utavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, na ukitaka kuchepuka, Butiama haiko mbali: ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere na ndiko alikozikwa mwaka 1999. Mbele ya Bunda, kabla ya Lamadi, barabara inapita ubavuni mwa Serengeti, karibu na lango la Ndabaka. Mara nyingine pundamilia wanakuwa wanakula nyasi palepale, na abiria wa basi zima hawageuzi hata shingo. Wewe geuza. Wenzako wamelipa dola nyingi kuwaona haohao.

Halafu mawe. Mwanza tunaiita Jiji la Miamba, na mgeni hudhani ni sifa ya kujipamba mpaka aone nyumba za Igogo na Mabatini zilivyokaa juu ya majabali kama mbuzi. Maarufu kuliko yote ni lile Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, limesimama majini juu ya mengine kana kwamba mtu alilipanga akaenda kunywa maji. Kila mtu hupiga picha. Piga na wewe, usione haya.

Kuhusu ziwa naomba tuelewane mapema. Nalubaale, Nyanza, Victoria, liite utakavyo; lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko kwetu. Kenya ina kama asilimia 6. Rafiki yangu alipokuwa anasema "ziwa letu, ziwa letu", nilimwacha mpaka siku tuliyosimama Kapripoint jua likizama, nikamwuliza ni kipande kipi hasa alichokuwa anakizungumzia. Hakujibu. Alisema tu kwamba samaki hawana pasipoti, na hapo alinishinda.

Samaki wenyewe watakuchanganya majina. Omena ya kwenu kwetu ni dagaa. Mbuta ni sangara, yule aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili, kwa mamilioni, na ambaye minofu yake hupanda ndege kwenda Ulaya. Ngege ni sato. Ukiniuliza mimi, sangara ni biashara, sato ni chakula. Agiza sato wa kuchoma, mzima, kichwa kikiwepo, na ugali wa udaga wa muhogo unaovutika ukiumega. Uma wa nini? Jioni mtu akikupa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani, tafuna polepole ukiwa unazungumza. Ni chakula cha Wasukuma wa safari ndefu, na meno yako yatajua kwa nini.

Nirudi kwa yule mama wa chai, maana ndiye niliyetaka kumzungumzia tangu mwanzo. Neno alilolisahau rafiki yangu ni "naomba". Huku kwetu "naomba" haina uhusiano na umaskini. Unaomba nyanya za elfu moja na elfu moja unayo mkononi. Unaomba kupita, unaomba kuuliza, unaomba konda akushushe kwenye mwembe. Ukisema "nipe" hutafukuzwa, utahudumiwa, ila utahudumiwa mwisho, na chapati zako zitakuwa zile za chini ya sahani. Na kabla ya "naomba" kuna salamu. Kwa mtu aliyekuzidi umri ni shikamoo, wala usianze kukadiria miaka yake. Ukimpa asiyestahili atacheka, ukimnyima anayestahili atakumbuka. Kisha habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za safari. Zote ni nzuri, hata kama gari limeharibika njiani na hukulala. Matatizo huja baadaye, sentensi ya tano hivi.

Ukitaka kuharibu kabisa nidhamu ya soko la Igoma, jifunze maneno matatu ya Kisukuma. Asubuhi sema "mwangaluka", mchana ukishasogea "mwadila", na ukipewa kitu "wabeja". Rafiki yangu aliyatamka kwa lafudhi ya Kijaluo, akina mama wakaitana kutoka meza ya sita kuja kumsikiliza, na bei ya karanga ikashuka yenyewe.

Jambo moja lilimtesa: "sasa hivi". Daladala inaondoka sasa hivi, fundi anakuja sasa hivi, chakula kinaiva sasa hivi. Nilimweleza kwamba hiyo si ahadi ya saa, ni faraja. Anayeisema anakujulisha kwamba hajakusahau. Ila usilete mazoea hayo kwenye meli ya Ukerewe. Mimi mwenyeji, mwenye kujifanya najua kila kitu, niliwahi kusimama gatini na mfuko wa michembe nikiitazama ikielekea Nansio bila mimi.

Mengine nayasema haraka. Usije na mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Usiogelee ufukweni kwa sababu tu umeona watoto wanaogelea. Kuna kichocho, na mahali pengine kuna mamba na kiboko. Chandarua ni rafiki. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa iliyo hatua chache za boti kutoka mjini, nenda siku yenye upepo mdogo. Bujora, pale Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma, na ukibahatika ukakuta ngoma ya bugobogobo na majembe yanavyorushwa hewani, simama nyuma kidogo. Kwenda Sengerema sasa hupangi foleni ya kivuko tena: daraja la Kigongo–Busisi, la kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ukiulizwa Simba au Yanga, sema Pamba, timu ya hapa Mwanza. Wenyeji watakupenda, na hakuna atakayeweza kukasirika.

Rafiki yangu alikaa siku tisa. Siku ya kuondoka alipita kwa mama ntilie peke yake, mimi nikiwa kazini, na mama akaniambia baadaye kwamba alisalimia mpaka watoto, akaomba chai, akaomba chapati, akaomba na kulipa.

Wiki iliyofuata akanipigia simu kutoka Kisumu. Alikuwa ameingia mgahawani kwao, akamwambia mhudumu, "Shikamoo mama, habari za asubuhi, naomba chai." Yule mama akamtazama juu mpaka chini, akamwuliza:

"Wewe ni mgonjwa, ama huna pesa?"