Mama Mkwe, Kabati na Harufu ya Kuungua

Naomba nianze kwa kujitetea: taa iliwaka na niliiona. Sikuipuuza hata kidogo. Niliitafsiri, ila tafsiri ndiyo iliyonishinda.

Ilikuwa siku ya kumhamisha mama mkwe. Tela tuliazima, na la kulivuta lilikuwepo: gari langu la oto la gia nne, refu kwenda juu, lenye injini niliyoisifia mbele ya wakwe mara nyingi mno kiasi kwamba kukodi lori kungekuwa aibu. Mizigo haikuwa ya kutisha. Vitanda viwili, jokofu, maboksi ya vitabu, na kabati. Kabati nalitaja peke yake kwa sababu lilipotua juu ya tela, mkia wa gari ulichuchumaa na pua ikatazama angani.

"Unaona? Limeitikia," nikamwambia shemeji. Hakujibu. Alikuwa bado amekaa chini, kashika kiuno.

Mama akakaa mbele, mkoba mapajani. Ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na ukipanda naye gari, hata kama usukani umeushika wewe, unarudi kuwa mwanafunzi.

Tambarare tulikwenda vizuri. Mlima ndio ulioleta maneno. Ulikuwa mrefu, wa kona kona, na jua la saa saba limesimama utosini. Gari likashikwa na kigeugeu: linaingia gia ya nne, linaona mlima, linashuka ya tatu kwa kelele, linapata nafuu, linarudi ya nne, linashindwa, linashuka tena. Nami nikawa nalisaidia kwa kukanyaga mafuta zaidi.

"Mbona haliamui?" Mama akauliza.

"Ni oto, Mama. Linafikiri lenyewe."

"Linafikiri nini muda wote huu?"

Ndipo taa ikawaka. Ilikuwa ya njano, mchoro wa kitu cha duara chenye meno pande zote, na kipimajoto katikati. Nikatupia jicho mshale wa joto la injini: umetulia palepale unapokaa siku zote. Nikaurudia mchoro. Duara lenye miale, nikajiambia, hilo ni jua. Jua na kipimajoto. Gari linaniarifu kwamba nje kuna joto! Nikaishukuru teknolojia kimoyomoyo, nikaongeza kiyoyozi.

Msinicheke. Anayechora gurudumu la gia likafanana na jua naye ana sehemu yake ya lawama.

Hatukufika mbali, Mama akanusa. "Kuna mtu anaunguza mkate?"

Pale mlimani hapakuwa na nyumba hata moja. Nikakanyaga mafuta ili tuiache harufu nyuma. Injini ikapiga ukelele, mwendo ukabaki uleule. Mbele kelele, nyuma mzigo, katikati hakuna maelewano. Nikaweka gari pembeni, nikazima injini haraka kama mtu anayelizima jiko baada ya chungu kufurika.

Mama hakusema kitu. Alifungua kidroo cha dashibodi, akatoa kitabu cha gari. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, na gari nilikuwa nalo mwaka wa tano. Akaichana ile nailoni taratibu, macho yako kwangu, kisha akavaa miwani.

"Taa ya gurudumu la gia na kipimajoto," akasoma. "Oili ya giaboksi imepata joto kupita kiasi. Simama mahali salama, weka P, acha injini ikinguruma mpaka taa izimike." Akanitazama juu ya miwani. "Umezima kwa ruhusa ya nani?"

Nikawasha. Kumbe injini ndiyo inayoizungusha pampu ya giaboksi, na pampu ndiyo inayoipeleka oili kwenye rejeta ikapoe. Ukizima, oili inabaki humo ndani ikijichemkia, bila msaada.

Tukakaa kusubiri, na kwa mwalimu kusubiri ni kipindi. Nikaelezwa kwamba kati ya injini na giaboksi ya oto kuna tokikonveta, kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Ya injini inairusha oili, ya upande wa pili inasukumwa nayo. Mzigo ukizidi, ya kwanza inazunguka kwa kasi, ya pili inajikongoja, na ile tofauti yao haipotei hewani. Inageuka joto ndani ya oili.

"Ni kama mimi nikifundisha na wewe hushiki," akamalizia. "Nguvu natoa, mwendo hakuna. Joto tu."

Kisha akageuza ukurasa. "Kwenye rungu la gia kuna kitufe. Kimeandikwa nini?"

"O/D, Mama."

"Kazi yake?"

Miaka mitano. "Cha kupumzishia kidole gumba, Mama."

Akaniamuru nikibonyeze. Taa nyingine ikawaka na moyo ukanidondoka: sasa ni mbili! "Hiyo ndiyo inayotakiwa," akasema. O/D ni "overdrive", yaani ile gia ya nne. Sasa ilikuwa imefungiwa nje, na kile kigeugeu chote kilichokuwa kikiipika oili kikaisha. Ya jua ilipozimika, akafungua ukurasa wa uzito wa tela. Akasoma, akageuka kulitazama kabati, akakifunga kitabu na kukitia mkobani mwake. Ile namba sijaiona mpaka leo.

Mlima uliobaki tuliupanda kwa gia ya tatu, pole pole, kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi, malori yakitupita.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nyumba mpya ilikuwa juu ya kijiinuko, na tela lilitakiwa kuingia kinyumenyume. Kurudisha tela nyuma kunataka ukate usukani kinyume cha akili yako. Kulirudisha likipanda mlima, gari halina mwendo wala upepo wa maana kwenye rejeta, ni kuipika oili kwa makusudi. Jaribio la nne, ile taa ikarudi.

"Jua limechomoza," nikasema. Hakucheka mtu. Kabati lilibebwa kwa mikono, na shemeji hanisemeshi vizuri tangu siku ile.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Akavuta kijiti cha oili, injini ikinguruma, akakinusa na kunionyesha. Oili inayotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi kama kahawa.

"Ulivuta tela," akasema. Hakuwa anauliza. "Gari lina kula?"

"Linakula, fundi! Tena mlimani ndiyo usiseme, tangi zima lilikwisha."

Akaweka spana chini. "Mzee, kula. Oili kula. Ya kupozea."

Sikuwa nayo ya ziada. Nilikuwa nategemea ile ndogo iliyomo ndani ya rejeta, na maji ya rejeta yakishapata joto nayo haina cha kupoza. Akaniambia oili ya gia hupenda kukaa nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikipita 120 inaanza kuungua, inaacha utando humo ndani, na sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zinakakamaa. Akabadilisha oili na chujio, akafunga kula mbele ya rejeta panapopata upepo, na kwa dashibodi akaniwekea kipimo kidogo cha namba, "ili usisumbuke tena na michoro."

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Mama habari za kipimo hicho. Wiki iliyopita simu ikalia saa nne usiku. Hakuulizia wajukuu.

"Oili nyuzi ngapi?"

"Mama, tumelala. Gari limepaki tangu jana."

"Hata hivyo," akasema, akasubiri.

Nikavaa viatu.