Nani Alipe Kosa la Karani wa Safari?

Rafiki yangu anayeishi Nyegezi aliulizia, kwa wakala mmoja wa safari hapa Mwanza, gharama ya kuipeleka familia yake Serengeti kwa siku tatu kupitia lango la Ndabaka. Walikuwa watu wanne. Alijibiwa kwa ujumbe wa WhatsApp kwamba ni shilingi 580,000 kwa kila mtu, wakiwa na gari lao peke yao, na kwamba malazi, chakula na viingilio vimo ndani ya bei hiyo. Akalipa nusu, yaani shilingi 1,160,000, akapewa stakabadhi, na mkewe akaomba likizo kazini. Siku tano kabla ya kuondoka akapigiwa simu akaambiwa kuwa karani alikosea hesabu: bei halisi ni shilingi 805,000 kwa kila mtu, na asipoafiki atarudishiwa fedha zake zote.

Kosa lenyewe linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanga safari ya mbugani. Kiingilio, kitanda na chakula huhesabiwa kwa kichwa, lakini gari hukodishwa kwa siku, liwe limejaa au limebeba mtu mmoja. Gari hilo lilikuwa shilingi 2,100,000 kwa siku tatu, na karani akazigawa kwa viti saba vya abiria badala ya watu wanne waliokuwa wanasafiri. Hapo ndipo ilipopotea shilingi 900,000 katika safari ambayo, kwa bei sahihi, ingegharimu shilingi 3,220,000.

Tuanze na upande wa kampuni, kwa kuwa ndio unaopuuzwa haraka. Wengi wa mawakala wetu ni ofisi za watu wawili au watatu, na gari wanalolitangaza mara nyingi ni la mtu mwingine anayetaka fedha yake kabla ufunguo haujatoka mkononi mwake. Kampuni ya namna hiyo ikilazimishwa kusafirisha kwa bei iliyokosewa, nakisi ya shilingi 900,000 inaweza kumeza faida ya safari kadhaa. Zaidi ya hayo, hakuna aliyedanganya, na fedha zilikuwa tayari kurudishwa. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: mteja amepoteza nini?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo tuliirithi kwa sehemu kubwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, haimwoni huyo karani kwa huruma kiasi hicho. Pande zote mbili zikikosea kuhusu jambo la msingi la mapatano, mapatano hayo ni batili. Lakini mkataba haubatiliki kwa sababu tu upande mmoja ulikosea. Wala muuzaji hawezi kujificha nyuma ya simu akidai kwamba hapakuwa na karatasi iliyosainiwa, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe wa kielektroniki. Bei iliyobandikwa tu kwenye status ni mwaliko wa kuja kuzungumza, na muuzaji anaweza kuisahihisha kabla hajakubaliana na mtu. Bei iliyotajwa kwa mteja fulani, kwa tarehe fulani, ikakubaliwa na kupokelewa fedha, ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo, kuna mpaka ambao mteja naye hapaswi kuuvuka. Nchini Singapore, kampuni moja iliuza kwa intaneti mashine za kuchapisha zenye thamani ya dola 3,854 za nchi hiyo kwa dola 66 tu, na wanunuzi sita wakaagiza mashine 1,606 kabla kosa halijagunduliwa. Mahakama iliwanyima ushindi mwaka 2004, na rufaa yao ikashindwa mwaka uliofuata, kwa kuwa walijua, au hawakuweza kutojua, kwamba bei ile haikuwa ya kweli. Kwa mizani hiyo, mtu wa Mwanza anayeandikiwa shilingi 58,000 kwa siku tatu za Serengeti, gari na malazi vikiwemo, anajua sifuri imedondoka mahali, na akikimbilia kulipa ili amnase karani, sioni kwa nini tumlilie. Lakini shilingi 580,000 haipigi kelele. Rafiki yangu hakuwa na njia ya kujua gari limegawanywa kwa wangapi, maana hesabu hiyo ilikaa mezani kwa muuzaji.

Kwa sababu hiyo siridhiki na hoja ya kwamba kurudisha fedha kunamaliza deni. Siku tano kabla ya safari, mteja ana likizo iliyokwisha kuidhinishwa ambayo haiahirishiki, na huenda mawakala wengine, ambao wangempa bei sahihi mapema, wamekwisha kujaza magari yao. Kosa lile lile likigunduliwa saa mbili baada ya malipo lingekuwa dogo, na ningemshauri mteja achukue fedha zake aondoke kwa amani. Uzito wake unakua kwa kila siku ambayo mteja anapanga maisha yake akiliamini neno la muuzaji.

Mawakala wengi hujikinga kwa maneno mawili matatu chini ya tangazo: bei inaweza kubadilika. Katika Umoja wa Ulaya, maagizo ya mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi yanaruhusu bei kupandishwa baada ya mkataba ikiwa mkataba umesema hivyo na sababu ni mafuta, kodi au ada za watu wengine, au kubadilika kwa thamani ya fedha. Taarifa itolewe angalau siku 20 kabla ya safari, na ongezeko likizidi asilimia 8 msafiri ana haki ya kujitoa bila adhabu. Kosa la karani halimo katika sababu hizo. Hayo si sheria yetu, lakini mantiki yake inatufaa, kwani EWURA ikitangaza bei mpya za mafuta kila mwezi, au serikali ikibadili ada za hifadhi, muuzaji na mteja wote wanaweza kuthibitisha. Ongezeko la rafiki yangu lilikaribia asilimia 39, na hakuna kilichokuwa kimepanda isipokuwa hesabu kurudiwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza, katika biashara, mwenendo unaopotosha au unaoelekea kupotosha, maneno ambayo hayamwachii muuzaji kinga kwa kusema tu kwamba hakukusudia. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini tukubali kwamba mwenye haki ya shilingi 900,000 akihesabu nauli na siku za kazi atakazopoteza akiifuatilia, mara nyingi huona bora anyamaze, na muuzaji anajua hivyo.

Rafiki yangu hakunyamaza wala hakushtaki. Alirudi ofisini na ule ujumbe wa WhatsApp, na baada ya mabishano marefu kampuni ikapendekeza iwatafute abiria watatu wa kujaza viti, ili ule mgawanyo wa saba uwe wa kweli na bei ibaki ile ile. Kwa maoni yangu, hata hapo alipunjwa, kwani gari la peke yao lilikuwa sehemu ya alichonunua, na nilimwambia adai angalau kiasi fulani kirudishwe. Alidai, akapunguziwa shilingi 40,000 kwa kila mtu, na Ijumaa alfajiri wakaondoka kuelekea Lamadi wakiwa saba.